Mjomba, hii ni NZE au ni VVT-i?

Swali hilo nililetewa kwa simu na mpwa wangu, siku chache baada ya kuamua kununua Toyota Probox ya kubebea nyanya na maembe kutoka Marafa hadi soko la Malindi. Muuzaji wa kwanza alimwambia gari lake ni "VVT-i, haina maneno." Fundi aliyekutana naye baadaye akamwonya: "Kijana, VVT-i ikimbie, wewe tafuta NZE." Wa tatu, dereva wa teksi, akamtuliza kwamba yote hayo si kitu mradi isiwe D4. Kijana wa watu akaduwaa. Pesa anazo, amezidunduliza miaka mitatu, na watu wazima watatu wanaoshinda na magari wamempa majibu matatu yasiyopatana.

Nilipomuuliza zaidi nikagundua kwamba wale watatu walikuwa wakizungumzia injini moja.

Mkanganyiko huu nausikia stejini, gerejini, hata kule Mokowe ambako watu wa Lamu huacha magari yao kabla ya kupanda boti. Na injini yenyewe tunaishi nayo. Imo ndani ya Probox na Succeed, ndani ya Platz, Fielder, Axio, Premio na Allion nyingi, ndani ya baadhi ya Vitz, na ndani ya ile Corolla ambayo nchi nzima imeibatiza "NZE". Mtu akipanda gari la kwenda Mambrui asubuhi na kurudi jioni, huenda amebebwa na injini za ukoo huu mara mbili bila kujua.

Nasema ukoo kwa sababu Toyota huzipanga injini zake kwa koo, kila ukoo na herufi zake. Huu unaitwa NZ. Lakini kabla ya majina, tufungue boneti kidogo kwa ajili ya yule ambaye hajawahi kuifungua.

Silinda ni tundu la mviringo, na ndani yake pistoni hupanda na kushuka. Ikishuka huvuta hewa na petroli. Ikipanda huvigandamiza. Plagi ikitoa cheche, mchanganyiko huo huwaka ghafla na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Ikipanda tena, hutoa moshi. Safari nne, na kati ya hizo ni moja tu inayoendesha gari. Tatu zilizobaki ni matayarisho na usafi.

Ndiyo sababu silinda huwekwa nne. Umewahi kuona wanawake wanne wakitwanga kinu kimoja? Mchi mmoja unashuka, mwingine uko juu, mwingine unapanda, wala haigongani, na kinu hakipati nafasi ya kupumua. Silinda nne hupokezana vivyo hivyo: ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili, kisha zamu inaanza upya. Kila krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inapozunguka nusu duara, kuna pistoni moja inayotwanga. Plagi moja ikifa, mchi mmoja umetoka kwenye zamu, na gari linaanza kutetemeka likiwa limesimama. Mafundi husema linamisi.

Sasa majina. Injini iliyo kwenye Probox nyingi za Malindi ni 1NZ-FE. Namba ya mbele ni ya mtoto katika ukoo, na NZ ni ukoo wenyewe. F ina maana kwamba kemshafti (mihimili inayofungua valvu, yaani milango ya hewa na moshi) ni mbili juu ya kichwa cha injini na valvu zimepangwa kwa pembe nyembamba, mpango uliokusudiwa gari la kila siku na si la mashindano. E ina maana petroli hupulizwa kwa kuongozwa na kompyuta, hakuna kabureta. Basi. Ukitazama vizuri utaona VVT-i haimo kabisa katika jina hilo. VVT-i ni kifaa kilichomo ndani ya injini, kama vile usukani ulivyo ndani ya gari. Anayekuambia "usinunue VVT-i, nunua NZE" amekuambia usinunue nyumba yenye mlango, nunua nyumba iliyo mtaa wa Shela.

Mdogo wake ni 2NZ-FE. Hawa wawili hutofautiana kwa jambo jepesi kuelewa ukifikiria visima. Chimba visima viwili vyenye mdomo wa upana uleule, lakini kimoja kiende chini zaidi. Tundu la silinda katika injini zote mbili lina upana wa milimita 75. Katika 2NZ pistoni husafiri milimita 73.5, katika 1NZ husafiri milimita 84.7. Piga hesabu ya ujazo, zidisha kwa silinda nne, na utapata sentimita za ujazo 1298.9 kwa ile ndogo na 1496.8 kwa ile kubwa. Hizo ndizo "1300" na "1500" za midomoni mwetu. Hapo hapo umepata jibu la swali linalowagombanisha watu juu ya makaratasi: mmoja anaona 1496, mwingine 1497, mwingine logibuku yake imeandikwa 1490, na kila mmoja anadhani ametapeliwa. Ni namba moja. Wengine hukata desimali, wengine huikaribisha juu, na cheti cha Japani huandika lita 1.49.

Wala si bahati kwamba hesabu inaishia nywele moja chini ya 1500. Japani hutoza kodi ya gari kwa ngazi za ukubwa wa injini, na 1500 ni mpaka wa ngazi. Kenya nayo imetumia mpaka huo huo katika ushuru wa magari.

Kwa nguvu, 1NZ hutoa takriban nguvu-farasi 109 na 2NZ kama 87. Watu hudhani 1300 lazima inywe kidogo. Kwa Vitz ya mwalimu anayekwenda kazini peke yake, sawa. Kwa Probox yenye kreti za nyanya hadi darini na abiria wawili mbele, ndogo hulazimika kukanyagwa muda wote, na ile akiba uliyoitarajia huioni kwenye kituo cha petroli. Mpwa wangu nilimwambia atafute 1500, na nisingebadili ushauri huo.

Utaijuaje bila kumtegemea muuzaji? Soma bamba la chuma lililo kwenye gari, mara nyingi chini ya boneti, na usome namba ya chasi. Probox ya NCP50 ni 1300, ya NCP51 ni 1500. Corolla, Fielder na Axio za NZE121 au NZE141 zina 1NZ. Hapo ndipo jina la mtaani "NZE" lilipotoka, kwa hiyo NZE ni jina la gari lenye injini ya NZ wala si la injini. Premio ya NZT240 ni 1NZ, ya ZZT240 ni 1800 ya ukoo mwingine. Lakini usiishie kwenye N ya kwanza ukafurahi: NSP na NRE ni za ukoo wa NR uliokuja baadaye. Na Vitz ndiyo yenye mitego zaidi. Vitz ya 1300 ya NCP10 ina 2NZ, ila 1300 ya umbo lililofuata, SCP90, ina injini ya ukoo wa SZ. Vitz mbili, zote 1300, spea haziingiliani. Nimeona mtu akirudi kutoka Mombasa na pampu ya maji ambayo haikuingia, kwa sababu alimtajia muuza spea jina la gari peke yake.

Turudi kwa VVT-i, maana ndiyo inayosingiziwa.

Valvu ni milango: ya kuingizia hewa na ya kutolea moshi. Katika injini za zamani milango hiyo hufunguka kwa saa ileile, gari likiwa linatambaa au linakimbia. Ni sawa na nahodha aliyefunga demani, ile kamba ya tanga, fundo moja tangu Lamu hadi Malindi, upepo ukibadilika yeye habadiliki. VVT-i ni nahodha anayelegeza na kukaza. Kompyuta ikiona gari linapanda mlima au linakwenda mwendo wa utulivu, huisogeza kidogo kemshafti ya milango ya kuingizia ili ifungue mapema au ichelewe. Faida yake ni nguvu zaidi pale unapozihitaji na petroli kidogo pale usipozihitaji.

Na kinachoisogeza kemshafti hiyo ni oili. Hakuna mota pale, wala hakuna waya unaovuta. Ni oili ya injini yenyewe, ikisukumwa kwa presha kupitia njia nyembamba. Kama kuna jambo moja ninalotaka msomaji aondoke nalo ni hili, kwa sababu magonjwa mengi ya ukoo huu yanaanzia hapa. Katika injini ya NZ oili ina kazi tatu. Inalainisha, kama kila mtu anavyojua. Inaendesha VVT-i. Na inaukaza mnyororo unaoziunganisha krenki na kemshafti, kwa sababu kikazio chake nacho husukumwa na presha ya oili. Oili ikiharibika, zinaharibika kazi tatu kwa pamoja.

Mwaka uliopita nilisimama kwenye gereji moja ya jua kali hapa Malindi, fundi akifungua Probox iliyokuwa imewasha taa ya injini. Mwenyewe alikuwa amekata shauri kwamba VVT-i ni ugonjwa na anataka ing'olewe. Fundi akatoa kifuniko cha juu. Ndani, mahali ambapo chuma kinapaswa kuonekana cha rangi ya dhahabu au kahawia, palikuwa na kitu cheusi kizito, kimeshikana pembeni kama halua iliyoungua sufuriani. Akakikwangua kwa bisibisi, kikatoka kipande kizima. Kisha akafungua boliti moja ubavuni mwa kichwa cha injini na kutoa chujio dogo, dogo kama kastabini ya kushonea. Chujio hilo ndilo linalosafisha oili kabla ya kuingia kwenye vali ndogo inayoiongoza oili kwenda VVT-i. Lilikuwa limeziba kabisa. Akaliosha kwa petroli, akalipulizia upepo, akalinyanyua juani hadi tukaona mwanga ukipita kwenye matundu. Oili ikabadilishwa mara mbili ndani ya wiki moja, na taa ikazimika. Hakuna kilichong'olewa.

Nilimuuliza mwenye gari alikuwa akibadilisha oili kila baada ya muda gani. Akasema, "Naongeza ikipungua."

Kuongeza si kubadilisha. Oili mpya ukiimimina juu ya uchafu wa zamani, umeuongezea uchafu maji ya kuogelea. Kwa gari linalobeba mizigo kwenye vumbi la Marafa au la njia ya Langobaya, mimi hubadilisha kila kilomita 5,000 pamoja na filta, na sioni sababu ya kungoja zaidi. 1NZ huchukua kama lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo kopo la lita 4 linatosha. Usilazimishe lote liingie. Kuhusu unene, kuna imani kwamba kwa sababu Pwani ni joto, oili nzito ndiyo salama. Injini hii imepangwa kwa oili nyepesi, kama ile ya 5W-30, inayowahi kupita katika zile njia nyembamba unapowasha asubuhi. Hata hivyo, heri oili nzito kidogo iliyobadilishwa kwa wakati kuliko nyepesi ya bei kubwa iliyosahaulika mwaka mzima.

Mnyororo nao una hadithi mbili, zote si kweli. Ya kwanza ni kwamba lazima ubadilishwe kila kilomita 100,000. Hiyo ni kumbukumbu ya belti za mpira za injini za zamani, kama 5A-FE ya Corolla 110 na 4E-FE ya Starlet. NZ haina belti hiyo. Hadithi ya pili ni kwamba mnyororo ni wa milele. Sivyo. Ukikosa oili safi hulika na kurefuka, na reli zake huchakaa. Dalili yake husikika asubuhi injini ikiwa baridi: mkwaruzo wa chuma kwa sekunde chache, kisha kimya. Usiuzoee mlio huo. Mnyororo ukiruka meno, valvu na pistoni hukutana mahali pamoja, na hapo fundi hataongea nawe habari ya mnyororo tena, ataongea habari ya injini nyingine. Ukoo huu una bloku (mwili wa injini) ya alumini yenye sliva nyembamba za chuma kwenye silinda, haina nyama ya kuchongwa na kuvishwa pistoni kubwa kama bloku nzito za zamani. Ndiyo maana wengi huishia kununua injini iliyotumika Japani.

La themostati linaniuma, maana lilinipata mimi. Fundi mmoja alinitolea themostati nikiwa nimeleta gari kwa ajili ya breki, akaniambia kwa nia njema, "Mzee, hapa ni Pwani, hii ni ya nchi za baridi, inazuia maji." Nikamwamini. Kwa miezi kadhaa gari likawa linakunywa petroli kuliko kawaida nami nikilaumu vituo vya mafuta.

Themostati ni bawabu. Injini ikiwa baridi hufunga mlango, maji yasiende kupozwa kwenye rejeta, ili injini iwahi kupata joto. Maji yakipita nyuzi 80 na kitu, hufungua. Ukimfukuza bawabu, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inadhani bado ni baridi na kuzidisha petroli, na unyevu unaopaswa kukauka ndani ya oili unabaki humo. Yaani tumerudi kwenye halua ileile. Gari likichemka, themostati iliyokwama hubadilishwa kwa mpya. Haitolewi ikaachwa pengo. Na kabla ya kuishuku, angalia feni, angalia kifuniko cha rejeta, angalia kama maji yanavuja.

Na hayo maji yenyewe jamani. Sisi tunaoishi karibu na bahari tunajua ladha ya visima vyetu. Maji ambayo hayatoi povu ukifulia, mtu anayachota kwa ndoo na kuyamimina ndani ya injini ya alumini. Chumvi hula alumini, hula pampu, huacha magamba kwenye mirija myembamba ya rejeta. Tumia kulanti, ile dawa ya rejeta, iliyochanganywa na maji safi. Ikikubana njiani na huna budi kutia maji uliyoyapata, tia ufike, kisha uyamwage yote na kuosha mfumo siku hiyo hiyo.

D4 nitaipitia haraka. Ni mpango wa kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na kwenye jina la injini ya Toyota hutambulika kwa herufi S, kama 1AZ-FSE. Ilipata sifa mbaya hapa kwetu kwa sababu pampu na nozeli zake hazivumilii petroli chafu na mafundi hawakuizoea. 1NZ-FE na 2NZ-FE hupuliza petroli kabla ya valvu. Si D4. Kumwogopesha mnunuzi wa Probox kwa D4 ni kumwogopesha mvuvi wa ufukweni kwa simba.

Yuko ndugu mmoja katika ukoo ambaye wengi hawamtambui: 1NZ-FXE, iliyo ndani ya Aqua za umbo la kwanza, Fielder za haibridi na Prius za zamani. Watu humwona kama mtoto wa mwisho, mgeni wa juzi. Kwa kweli ndiye kifungua mimba. Prius ya kwanza iliuzwa Japani mwishoni mwa 1997 ikiwa naye. 1NZ-FE ya kawaida ilifuata 1999.

Tofauti yake nitaieleza kwa nazi. Anayekuna nazi na kukamua mara moja akatupa machicha, ametupa tui. Mpishi mwangalifu hurudishia maji na kukamua tui la pili. Injini ya kawaida hufungua mlango wa moshi wakati gesi bado ina nguvu ya kusukuma. Hiyo ni kutupa machicha. Ile ya haibridi huchelewa kufunga mlango wa kuingizia, hewa kidogo ikarudi ilikotoka, kwa hiyo inachoma kidogo, lakini pistoni inasukumwa chini kwa safari nzima hadi gesi ichoke kabisa. Tui la pili limekamuliwa. Asili ya wazo hilo ni mhandisi Mwingereza, James Atkinson, aliyelibuni katika miaka ya 1880. Bei yake ni kwamba injini inapungukiwa nguvu, na pengo hilo ndilo linalojazwa na mota ya umeme. Kwa hiyo usidanganyike kwamba 1500 ya Aqua na 1500 ya Probox ni injini ileile ya kubadilishana.

Mpwa wangu tulikwenda naye kuliangalia lile gari la "VVT-i, haina maneno." Nilimsihi twende alfajiri, kabla mwenyewe hajaliwasha, na nikaweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha ni baridi. Bamba lilisema NCP50, ingawa tangazo lilisema 1500. Mwenyewe akazungusha ufunguo. Krrrrr, sekunde tatu, nne, kisha kimya. "Ni baridi tu hiyo," akasema. Tukamwomba azime. Mpwa wangu akafungua kifuniko cha oili, akapitisha kidole upande wa ndani, akakileta karibu na tochi ya simu. Kidole kilikuwa cheusi, na kile cheusi hakikuchuruzika.

"Mjomba," akaninong'oneza, "halua si ndiyo hii?"

Tukamshukuru mwenye gari, tukasimamisha tuktuk.